Kutoka Embakasi hadi New York: safari ya ndege huhesabiwaje

Hotuba kwa wazazi wa wanafunzi wanaosoma Marekani, Mombasa

Assalaam alaykum. Hamjambo wazazi wangu, shekhe wetu uliyetufungulia kwa dua, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioketi nyuma ambao baadhi yenu mwezi wa nane mtakuwa mmeshaondoka.

Nimeombwa nizungumzie umbali wa kutoka Nairobi hadi New York na muda ambao ndege huchukua kufika. Jibu fupi ninalo. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi, hadi uwanja wa John F. Kennedy ni kilomita 11,840 hivi, na ndege ya moja kwa moja hutumia takriban saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Lakini nimefundisha jiografia kwa muda mrefu katika mji huu, na nimeona jinsi jibu hilo fupi, likiachwa peke yake, linavyowaponza watu. Nimewaona wazee waliofika uwanjani na mabegi yao yamefungwa vizuri, zawadi za wajukuu zimo ndani, kumbe ndege imeondoka usiku uliotangulia. Namjua mama aliyepiga simu analia kwamba mwanawe hajafika na saa zimeshapita, na wakati ule mtoto alikuwa bado juu ya Atlantiki, amelala salama. Wote walikuwa na tiketi, na tarehe zilikuwa sahihi. Hakuna aliyewaeleza namna ya kuzisoma. Ndiyo maana nataka leo tuhesabu pamoja, polepole, mpaka kila mmoja aweze kuhesabu mwenyewe nyumbani kwake bila kumtegemea wakala wala mtoto.

Kwanza tuutazame umbali wenyewe. Nimekuja na tufe la darasani na uzi wa kushonea. Kijana mmoja aje anisaidie. Weka kidole chako Nairobi, hapa, chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Mimi nashika ncha ya pili New York. Sasa tuvute uzi ukaze kabisa, usilegee popote. Mama zangu mlio mbele, tazameni uzi umepita wapi. Umetoka Nairobi ukaelekea kaskazini-magharibi. Umepita Uganda ya kaskazini, ukaingia Sudan Kusini, ukagusa pembe ya Darfur, ukavuka Chad, ukapita Niger, ukaikata Sahara ya Algeria kwa mshazari, ukatokea Morocco jirani na Marrakech. Hapo ndipo unapoingia bahari ya Atlantiki. Katikati ya bahari umepita karibu kabisa na visiwa vya Azores vya Wareno. Na hapa karibu na mwisho angalieni vizuri: uzi umepanda hadi latitudo ya nyuzi 42 kaskazini, juu kuliko New York yenyewe, ndipo ukateremka kidogo kuufikia mji.

Mkinionyesha ramani ya ukutani, mtaniambia mbona njia iliyonyooka inapita kwingine. Ni kweli. Mkiweka rula juu ya ramani, mstari utapita Afrika ya Kati, Nigeria na Mali, utokee pwani ya Mauritania. Mstari huo unaonekana mfupi kwa sababu karatasi ni bapa na dunia ni ya mviringo. Ndege ikiufuata itakwenda kilomita 12,190 hivi. Ikiufuata uzi wa kwenye tufe itakwenda 11,840. Tofauti ni kilomita 350, karibu sawa na barabara ya kutoka Nairobi hadi Kisumu. Kwa ndege kubwa hiyo ni karibu nusu saa na mafuta mengi sana. Wanajiografia huiita njia hiyo duara kuu, na kila mnapoona umbali wa ndege umeandikwa mahali, kwa kawaida ni huo wa uzi uliokazwa.

Naomba hata hivyo msidhani rubani hufuata uzi huu kama treni inavyofuata reli. Hukwepa mawingu ya radi, hukwepa pepo, na hukwepa nchi zenye vita. Tangu Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, anga ya nchi ile ilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege nyingi zinazotoka kwetu kwenda kaskazini zikalazimika kuzunguka. Kwa hiyo kilomita zinazopigwa siku ya safari huzidi zile za kwenye tufe. Hazipungui.

Sasa muda. Ndege inayofanya safari hii ya moja kwa moja ni Boeing 787, ile wanayoiita Dreamliner. Kenya Airways waliianza njia hii tarehe 28 Oktoba 2018, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya Marekani kukubali, Februari 2017, kwamba usimamizi wa usalama wa anga wa Kenya umefikia kiwango kinachoruhusu ndege zetu kutua kwao. Ndege hiyo ikishatulia juu huenda takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanyeni 11,840 kwa 900. Mnapata saa 13 na dakika kama kumi. Basi hizo saa 15 za kwenye ratiba zinatoka wapi?

Kidogo hutokana na mambo ya chini: ndege kuondoka mlangoni, kusubiri zamu, kupanda polepole ikiwa nzito, na mwisho wa safari kupangwa foleni na ndege nyingine zinazotaka kutua New York, ambako anga imejaa. Saa za ratiba huanza ndege inapoachia mlango na huisha inapofika kwenye mlango wa upande wa pili, kwa hiyo zote hizo zimo ndani.

Kinachobaki ni upepo. Nyinyi ni watu wa pwani, hili mtalielewa kuliko watu wa bara. Babu zetu hawakuuliza Muscat ni maili ngapi kutoka Lamu. Waliuliza kama ni kaskazi au ni kusi, kwa sababu umbali ule ule ulikuwa safari mbili tofauti kulingana na upepo. Na huko juu ndivyo ilivyo. Kwenye latitudo za New York na Ulaya, katika kimo kile cha kilomita kumi au kumi na mbili ambako ndege hupita, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima, na wakati wa baridi yao huwa mikali zaidi. Mahali pengine hufika kilomita 200 kwa saa na kuzidi. Anayekwenda Marekani huupokea usoni. Anayerudi nyumbani husukumwa nao mgongoni. Chukulieni upepo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa katika njia nzima. Kwenda, mwendo juu ya ardhi unakuwa 840, na safari ya angani inachukua saa 14 na dakika chache. Kurudi, mwendo unakuwa 960, na safari ni saa 12 na dakika 20. Upepo mdogo tu, na tofauti ni karibu saa mbili.

Wanafunzi wangu huniuliza swali kila mwaka, na nadhani hata hapa kuna anayelifikiria. Ikiwa dunia inajizungusha kuelekea mashariki, tena hapa kwetu karibu na ikweta kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, si ndege inayokwenda magharibi ingefika upesi zaidi, kwa kuwa Marekani inakuja kuilaki? Ni swali zuri. Jibu ni kwamba hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi, na ndege imo ndani ya hewa. Ikiwa hewa imetulia, kwenda na kurudi ni sawa. Kinachotofautisha ni ile hewa inayokimbia kuliko ardhi iliyo chini yake, yaani upepo.

Kuna jambo jingine ambalo abiria wengi hawalijui. Uwanja wa Nairobi uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, na mabawa ya ndege hupata kazi kubwa kuinua mzigo. Ndege ya New York hubeba mafuta ya kuvukia bara zima na bahari. Matangi ya ndege ya aina hii yanaweza kuchukua karibu lita 126,000. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya ifae iruke usiku, hewa ya Embakasi ikiwa imepoa. New York iko usawa wa bahari, kwa hiyo kurudi inaweza kuruka hata mchana.

Nimefika sasa mahali ninapotaka mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Nitaandika ubaoni tiketi ya mfano. Saa hizi si ratiba ya leo. Ratiba hubadilika kila msimu, na mtaitazama mtakapokata tiketi. Mfano wangu ni wa mwezi wa Januari.

Mstari wa kwanza: NBO 23:30. NBO ni Nairobi. Na 23:30 kwa saa zetu ni saa 5:30 usiku. Mstari wa pili: JFK 06:30, na pembeni yake kuna alama ndogo ya kujumlisha na moja. JFK ni ule uwanja wa New York. 06:30 ni saa 12:30 asubuhi. Ile alama ndogo maana yake ni siku inayofuata. Watu wengi hawaioni kabisa, imechapwa kwa herufi ndogo.

Mzee akiitazama tiketi hii husema, alhamdulillah, ni saa saba tu, naondoka saa 5:30 usiku nafika saa 12:30 asubuhi, nitalala kidogo nimefika. Anamwambia mkewe hivyo. Anapanga dawa zake hivyo. Akishapanda, saa saba zinapita, nane, tisa, anaanza kuwa na wasiwasi kwamba kuna jambo wanamficha.

Hakuna jambo. Tiketi huandika kila saa kwa saa za mahali husika. Ile 23:30 ni ya Nairobi, ile 06:30 ni ya New York. Na New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi yao na saa 7 wakati wa joto, kwa sababu wenzetu husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya mwezi Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi. Basi chukua 06:30 ya New York ujumlishe saa 8. Unapata 14:30 ya Nairobi, saa 8:30 mchana. Kutoka saa 5:30 usiku hadi saa 8:30 mchana ni saa 15. Hizo ndizo saa ambazo mgongo wako, miguu yako na tumbo lako litazihesabu.

Sasa tiketi ya kurudi. JFK 12:30, yaani saa 6:30 mchana. NBO 10:30 siku inayofuata, saa 4:30 asubuhi. Ukihesabu kwa macho ni saa 22, na hapo mama mzazi hushtuka, mbona kurudi ni mbali mara tatu ya kwenda? Fanya vile vile. Saa 6:30 mchana ya New York ni saa 2:30 usiku hapa kwetu. Kutoka saa 2:30 usiku hadi saa 4:30 asubuhi ni saa 14.

Nitawapa njia rahisi ambayo hata asiyejua tofauti ya majira anaweza kuitumia. Chukua zile saa za uongo za kwenda, saba, na zile za uongo za kurudi, 22, uzijumlishe. Unapata 29. Chukua saa za kweli, 15 na 14. Nazo ni 29. Kile kilichofichwa wakati wa kwenda kimerudishwa wakati wa kurudi. Kwa hiyo ukiwa na tiketi ya kwenda na kurudi mkononi, jumlisha muda unaoonekana wa pande zote mbili ugawe kwa mbili, na utapata wastani wa kweli wa safari moja, saa 14 na nusu. Inafanya kazi kwa mji wowote duniani, mradi saa za huko hazikusogezwa kati ya kwenda kwako na kurudi kwako. Mjaribu leo usiku kwa tiketi ya Jeddah, au ya Muscat, au ya London.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wetu sisi watu wa pwani hasa. Kwetu siku huanza magharibi, jua linapotua. Tukisema usiku wa Ijumaa, tunakusudia usiku ule baada ya Alhamisi, ambao watu husoma maulidi na Yasini. Mashirika ya ndege huanza siku saa sita ya usiku. Basi tiketi ikisema Ijumaa 23:30, kwa hesabu ya mama yangu huo ni usiku wa Jumamosi. Mwambie karani wa bara kwamba unasafiri usiku wa Jumamosi, atakuelewa kwamba ni Jumamosi yenyewe baada ya jua kutua, na ndege itakuwa imeondoka jana yake. Na ukimwambia bibi yako safari ni usiku wa Ijumaa, atajiandaa tangu Alhamisi. Na tiketi ikisema Ijumaa 00:40? Hiyo ni saa 6:40 usiku, na uwanjani unatakiwa uwe Alhamisi jioni. Hili limewakosesha ndege hata watu wasomi. Ninachowashauri ni kutaja siku zote mbili kila mara: Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi. Andikeni hivyo kwenye simu, semeni hivyo kwa dereva wa teksi, semeni hivyo kwa mtoto aliye kule. Hakuna atakayekosea.

Usiku wenyewe wa safari ya kwenda ni mrefu ajabu, na mtu asiyetarajia unaweza kumtia hofu. Mwezi wa Januari jua hutua Nairobi baada ya saa 12:30 jioni. Ndege inaruka saa 5:30, inakwenda magharibi, yaani inalikimbia jua. Dunia inajizungusha upesi kuliko ndege, kwa hiyo jua litaifikia tu, lakini linachelewa. New York wakati huo wa mwaka jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi yao, ambayo ni baada ya saa tisa alasiri hapa kwetu. Kwa hiyo abiria huyu, tangu alipoliona jua likizama Nairobi hadi atakapoliona tena, amekaa gizani zaidi ya saa 20. Amekula, amelala, ameamka, amelala tena, na dirishani bado ni giza. Mama aliyekuwa akinisimulia jambo hili alisema alimwita mhudumu akamuuliza kama kumekucha kwetu, akaambiwa kule Mombasa watu wameshakula chakula cha mchana. Kurudi ni kinyume: unaondoka mchana, jua linatua baada ya saa chache tu za kuruka, na usiku unapita haraka. Masuala ya swala na ya saumu katika hali hiyo, na ruhusa alizopewa msafiri, nitamwachia shekhe. Mimi naongeza tu kwamba ni vyema kumuuliza kabla ya kupanda.

Dawa nazo naomba msizichukulie kwa urahisi. Anayemeza vidonge vya presha au anayejidunga insulini asifuate saa ya ukutani ya mji aliofikia bila kushauriana na daktari wake. Saa za kati ya dozi moja na nyingine ndizo zinazohesabika mwilini. Nendeni na tiketi hospitali, daktari aione, awapangie. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye sanduku linaloshushwa chini ya ndege. Na ndani ya ndege mtu asikae saa 15 kama aliyegandishwa kitini. Ainuke, atembee ujia mzima, azungushe vifundo vya miguu, anywe maji. Damu ikituama miguuni kwa saa nyingi huweza kuganda, na wazee ndio walio hatarini zaidi.

Tunaongea kana kwamba safari inaanzia Embakasi. Ya kwetu huanzia Kisauni, Likoni, Majengo. Tuhesabu tena, mfano ule ule wa Januari. Mtu anatoka nyumbani saa moja asubuhi kwenda kituo cha Miritini. Treni hadi Syokimau ni saa tano au sita. Anapumzika kwa jamaa, anafika uwanjani muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Anaruka saa 5:30 usiku. Anatua New York saa 12:30 asubuhi yao. Foleni ya uhamiaji, kuulizwa maswali, kuchukua mabegi, anatoka nje saa mbili asubuhi. Saa mbili asubuhi ya New York ni saa kumi jioni ya Mombasa. Tangu alipofunga mlango wake zimepita saa 33, na kati ya hizo angani ni 15 tu. Mkimwambia mtoto akupangieni shughuli siku ya kufika, mkumbuke hiyo 33. Mwili nao hauzoei majira mapya mara moja. Kwa kawaida huchukua kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, kwa hiyo wiki ya kwanza mgeni ataamka saa nane za usiku akitafuta chai. Si ugonjwa.

Na wale wanaobadilisha ndege njiani? Wengi watafanya hivyo, ama kwa bei, ama kwa sababu ndege ya moja kwa moja haipo siku wanayotaka. Turudi kwenye uzi. Kupitia Amsterdam, Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,680 hivi na Amsterdam hadi New York ni karibu 5,850. Jumla 12,530, umezidisha karibu kilomita 700 tu, kwa maana Ulaya haiko mbali sana na njia. Kupitia Dubai, unakwenda kwanza kilomita 3,560 kaskazini-mashariki, yaani unaipa mgongo Marekani, halafu unaanza safari ya zaidi ya kilomita 11,000. Jumla inapita 14,500. Siwakatazi. Watu wa Mombasa wana ndugu Ghuba, na kusimama siku mbili kwa dada ni jambo jema. Ila asidhani mtu kwamba kwa kuwa bei ni nafuu basi safari ni sawa. Na kwa mzee asiyejua Kiingereza wala Kiarabu, anayetembea kwa mkongojo, kutembea kutoka lango moja hadi jingine katika uwanja mkubwa usiku wa manane ni mzigo mzito kuliko hizo kilomita. Ombeni kiti cha magurudumu mapema, wakati wa kukata tiketi. Ni haki yake na halipii.

Naona vijana wananitazama kama watu wanaosikia habari za mbali. Basi niwaambie njia hii ni ya watu wenu tangu zamani. Mwaka 1840 jahazi kubwa la Sultani Seyyid Said, lililoitwa Sultana, liliondoka Unguja chini ya Ahmad bin Na'aman, likiwa na tende, kahawa, karafuu na pembe za ndovu. Lilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, likaingia bandari ya New York tarehe 30 Aprili. Lilikuwa limekaa baharini karibu miezi mitatu tangu Unguja. Mwaka 1959, Tom Mboya alipoanza mpango wake wa kuwapeleka vijana wetu vyuoni Marekani, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi, ndege ya pangaboi. Mwaka uliofuata walikwenda wengi zaidi, na mmoja wao alikuwa msichana kutoka Nyeri aliyekwenda kusoma biolojia Kansas, Wangari Maathai. Fedha za safari ile ya 1960, dola 100,000, zilitolewa na wakfu wa familia ya Kennedy. Uwanja wa New York ulipewa jina la John Kennedy Desemba 1963, baada ya yeye kuuawa. Wa kwetu Embakasi, uliofunguliwa 1958, ulipewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978. Wanafunzi wale wa Mboya hawakuwa na simu ya kuwaambia wazazi wamefika. Barua ilichukua muda kufika.

Nyinyi simu mnazo. Kwa hiyo mzazi wa anayesafiri mwezi wa nane, andika kwenye karatasi mambo machache ubandike jikoni: nambari ya ndege, saa ya kuondoka kwa saa za hapa, saa ya kutua kwa saa za hapa, na saa ya kutua kwa saa za kule. Wakati huo wa mwaka tofauti itakuwa saa 7. Ukitaka kuzungumza na mtoto akiwa hajaingia darasani saa mbili asubuhi yake, piga saa nane na nusu mchana. Ukipiga baada ya swala ya isha, kule ni mchana na huenda yuko maabara. Na ukipiga saa mbili asubuhi ya hapa, kule ni saa saba ya usiku. Utamshtua bure, atadhani kuna msiba nyumbani.

Wenye tiketi tayari, zileteni hapa mbele tuzisome moja moja. Tuanze na wanaosafiri baada ya saa sita ya usiku.